Mwaka 1961 na Ramani ya Uvimbe: Mchango wa Afrika Mashariki katika Tiba Mpya za Saratani ya Damu

Watanzania wengi tunaukumbuka mwaka 1961 kwa jambo moja kubwa, yaani Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba. Ni haki kabisa tuukumbuke hivyo. Hata hivyo, mwaka huohuo yalitokea mambo mengine mawili ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya historia, na ambayo leo yanagusa maisha ya watoto wetu.

La kwanza lilitokea Paris. Katika Taasisi ya Pasteur, wanasayansi wawili wa Ufaransa, François Jacob na Jacques Monod, walichapisha makala iliyoeleza namna bakteria anavyoziwasha na kuzizima jeni zake kulingana na chakula anachokikuta. Hapo ndipo ulipowekwa msingi wa elimu tunayoiita udhibiti wa jeni. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff.

La pili lilianzia Kampala. Mwezi Oktoba 1961, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alipanda gari kuukuu aina ya Ford pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Walikwenda kusini, wakapita Tanganyika na nchi jirani hadi Afrika Kusini. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri maili zipatazo 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile: je, mmewahi kumwona mtoto mwenye uvimbe wa taya kama huu ulio katika picha?

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba matukio hayo mawili yalikuja kukutana, na kwamba sehemu muhimu ya elimu inayozaa dawa mpya za saratani ya damu duniani ilipatikana katika hospitali za wilaya za Afrika Mashariki, kutokana na miili ya watoto wa Afrika Mashariki na madaftari ya watumishi wake. Ikiwa ni hivyo, basi swali la iwapo mtoto wa huku Mlali, wilayani Kongwa, atafikiwa na dawa hizo lisiulizwe kama ombi la msaada. Ni swali la haki, na kwa sehemu kubwa ni swali la utawala wetu wenyewe.

Safari iliyochora ramani

Mwaka 1957, daktari Hugh Trowell wa Mulago alimwita Burkitt amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa ameona ugonjwa wa namna hiyo. Muda mfupi baadaye, alipokuwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule usoni, na alipompapasa akakuta uvimbe tumboni pia. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha matokeo yake katika jarida la upasuaji la Uingereza. Baadaye ilibainika kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani inayotokana na seli nyeupe za damu. Dunia ikauita limfoma ya Burkitt.

Lakini ugonjwa huo ulikuwapo kabla ya Burkitt. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, zilizoanza kuandikwa na mmisionari Albert Cook mwishoni mwa karne ya 19, zina maelezo na michoro ya watoto wenye uvimbe wa taya. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha daftari moja na jingine.

Burkitt alifanya kazi hiyo kwa ruzuku ndogo sana. Kwanza alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni, kisha akafunga safari kwenda kujionea. Alipoweka alama za majibu kwenye ramani, ukatokea ukanda unaokata katikati ya Afrika. Karibu na ikweta, uvimbe haukuonekana katika sehemu zilizo juu ya futi zipatazo 5,000. Kadiri mtu alivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitambua kwamba mpaka huo ulifuata joto, wala haukuwa suala la urefu wa milima peke yake. Tena uvimbe ulikuwa adimu mahali penye mvua chini ya inchi 20 kwa mwaka, yaani kiasi cha milimita 500.

Msomaji wa nyanda za kati atatambua tarakimu hiyo mara moja. Mvua ya kwetu huzunguka milimita 500 hadi 600 katika mwaka wa kawaida, kwa hiyo tumekaa karibu kabisa na mpaka wa ramani ya Burkitt. Nasi watu wa Kongwa tuna historia yetu na mvua. Miaka kumi na minne tu kabla ya safari ile, serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Wataalamu walikuwa wamezunguka nchi kwa wiki chache mwaka 1946, sehemu kubwa wakiwa angani kwenye ndege, kisha matrekta yakaletwa mwaka 1947. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa katika mpango, udongo ukakauka ukawa kama tofali, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mgogo aliyelima uwele na mtama kwa vizazi angeweza kuwaeleza mapema habari za mvua ya hapa, lau wangemuuliza.

Naitaja habari hiyo kwa sababu inafundisha njia mbili za kutafuta maarifa. Mradi wa karanga ulikuwa na fedha nyingi na maswali machache. Safari ya Burkitt ilikuwa na fedha kidogo, lakini ilijengwa juu ya kuuliza: kumuuliza mganga msaidizi, muuguzi, karani wa hospitali ya misheni aliyeandika jina la mgonjwa, kijiji chake na umri wake. Majibu ya watu hao ndiyo yaliyochora ramani.

Kutoka kirusi hadi kromosomu

Machi 1961, miezi michache kabla ya safari, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Ugonjwa unaofuata joto na mvua ulimfanya ashuku mdudu au kirusi. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda Manchester. Sampuli ilipofika kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yameingia ukungu kana kwamba yameoza. Epstein aliyatazama kwa hadubini kabla ya kuyamwaga, akakuta seli za uvimbe zikielea zikiwa hai. Ndipo zikaoteshwa maabara. Mapema mwaka 1964 yeye, Bert Achong aliyezaliwa Trinidad, na Yvonne Barr walitangaza kwamba ndani ya seli hizo wameona kirusi kipya. Hicho ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo, kirusi peke yake hakikutosha kueleza ramani, kwa sababu kimeenea dunia nzima na watu wengi wanacho bila kuugua. Ikadhaniwa kwamba malaria ndiyo inayokamilisha shauri, maana mbu nao hufuata joto na mvua. Uthibitisho ulitafutwa kwetu. Kati ya mwaka 1972 na 1974, watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, walitolewa damu ili ijulikane ni akina nani watakaougua baadaye. Huku Tanzania, wilayani North Mara, watoto waligawiwa klorokwini kuanzia mwaka 1977 ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe. Ugonjwa ulipungua, ingawa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya mradi, na usugu wa vimelea kwa klorokwini ukaharibu jaribio. Jibu la uhakika likabaki kusubiri elimu ya jeni.

Elimu hiyo ilikuwa ikijengwa kwa sampuli zilezile. Daktari Peter Clifford wa Nairobi alikuwa akituma vipande vya uvimbe Stockholm, Uswidi, kwa George Klein. Mwaka 1972 wanasayansi wawili, Georgi Manolov na Yanka Manolova, walitambua kwamba katika seli za limfoma ya Burkitt kromosomu namba 14 imerefuka isivyo kawaida. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kipande kilichoongezeka kimetoka kwenye kromosomu namba 8. Mwaka 1982 maabara za Marekani zikabaini ni jeni gani iliyohamishwa. Inaitwa MYC.

Koki iliyofungwa kwenye bomba kuu

Hapa naomba msomaji asiye wa fani ya baiolojia anivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo Paris ya 1961 inapokutana na Kampala ya 1961.

Karibu kila seli ya mwili wako ina jeni zote. Seli ya ini na seli ya jicho zimebeba maandishi yaleyale. Kinachozitofautisha ni kwamba kila moja imewasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine. Hiyo kazi ya kuwasha na kuzima, kwa kiasi na kwa wakati wake, ndiyo udhibiti wa jeni.

Jeni ya MYC huiamuru seli ikue na kugawanyika. Ni jeni ya lazima, bila hiyo mtoto hawezi kukua. Ifikirie kama koki ya kijiji ambacho maji yake ni ya mgao: hufunguliwa kwa saa maalumu, watu wakachota, kisha hufungwa. Sasa, katika seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili kuna bomba jingine ambalo halifungwi kamwe. Ni jeni ya kingamwili iliyoko kwenye kromosomu namba 14, ambayo ina kichocheo chenye nguvu kinachoifanya ifanye kazi usiku na mchana. Katika limfoma ya Burkitt kromosomu mbili hukatika na kuungana vibaya, na MYC hujikuta imepachikwa jirani na kichocheo hicho. Koki ya mgao imefungwa kwenye bomba kuu. Seli hugawanyika bila kikomo, na uvimbe huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache.

Kwa hiyo chanzo kikuu cha ugonjwa huu ni jeni halali kuwekwa chini ya amri isiyo yake. Limfoma ya Burkitt ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuifundisha dunia jambo hilo kwa uwazi.

Na malaria je? Katika miaka ya karibuni kiungo kilichokosekana kimepatikana. Seli nyeupe zinapopambana na maambukizi hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, kinachokata na kubadilisha jeni za kingamwili ili ziwe kali zaidi. Malaria inayorudi mara kwa mara huzifanya seli hizo zifanye kazi hiyo bila kupumzika, na mikato huangukia pasipostahili, hata kwenye MYC. Kirusi cha Epstein-Barr nacho huizuia seli iliyoharibika isife. Hivyo ndivyo mvua inavyoleta mbu, mbu malaria, na malaria ikafungua njia ya kuhama kwa jeni. Ramani iliyochorwa kwa kuuliza hospitalini ilikuwa ramani ya tukio linalotokea ndani ya kiini cha seli, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuweza kuliona.

Dawa zinazorejesha amri

Limfoma ya Burkitt na saratani ya damu, ambayo madaktari huiita lukemia, ni ndugu. Zote hutokana na seli za damu. Hata limfoma hiyo ikijaza uloto wa mifupa hutibiwa kama lukemia. Kwa hiyo somo la MYC halikubaki kwenye taya za watoto wa Uganda. Wanasayansi walianza kuuliza juu ya kila lukemia: ni amri gani imepotoshwa hapa, na je, inaweza kurejeshwa?

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Uchina. Kuna lukemia kali ambayo kromosomu namba 15 na namba 17 hubadilishana vipande, na protini inayozaliwa huzizima jeni zinazoikomaza seli. Seli hubaki changa na kujaa damuni, na mgonjwa hufa kwa kutoka damu. Katika miaka ya 1980, daktari Wang Zhenyi wa Shanghai alianza kuwapa wagonjwa hao tretinoini, dawa ya vidonge iliyo jamaa ya vitamini A. Mwaka 1988 timu yake iliripoti wagonjwa 24, na kwa 23 kati yao ugonjwa ulitoweka kabisa kwa kipindi hicho. Dawa haikuziua seli kama sumu. Iliziondolea kizuizi, zikakomaa, na hatimaye zikafa kifo chake cha kawaida. Leo, tretinoini ikiunganishwa na dawa ya aseniki ambayo nayo ilitoka Uchina, wagonjwa wengi wa aina hiyo hupona.

Baada ya hapo zimefuata nyingine. Azasitidini, inayofuta alama za kikemikali zinazozizima jeni, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa magonjwa ya uloto yanayoelekea kuwa lukemia. Novemba 2024 nchi hiyo iliidhinisha revumenibu kwa lukemia ambazo jeni ya KMT2A imevunjika, aina inayowapata sana watoto wachanga na iliyokuwa ngumu kutibika. Nayo hufanya kazi kwa kukata mnyororo wa amri unaoziweka jeni za saratani zikiwaka. MYC yenyewe bado ni ngumu kuikamata kwa dawa. Majaribio ya kuipunguza nguvu kwa kuzuia protini zinazoisaidia yalitia moyo maabara katika miaka ya 2010, ingawa kwa wagonjwa matokeo yamekuwa ya wastani. Dawa hizi mpya hazimponyi kila mtu. Mwelekeo wake, hata hivyo, hauna shaka: tiba inahama kutoka kuua kila seli inayogawanyika kwenda kusahihisha amri iliyopotoka.

Tulichotoa na tulichopata

Sipendi historia inayosimuliwa kwa manung'uniko matupu, kwa hiyo niseme pande zote mbili. Watoto waliotoa sampuli hawakuachwa wote wafe. Burkitt mwenyewe, Clifford wa Nairobi na madaktari wa New York walijaribu dawa kama methotreksati na siklofosfamaidi, wakaona uvimbe ukiyeyuka kwa dozi chache. Hii ikawa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 ilianzishwa Kampala taasisi ya tiba ambayo leo ni Uganda Cancer Institute, chini ya Mmarekani John Ziegler. Mwaka 1972 Wamarekani walipoondoka kwa sababu ya utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliishika na kuiongoza katika miaka migumu. Mwaka huohuo Tuzo ya Lasker ya Marekani iliwatambua waliofanikisha tiba hiyo, miongoni mwao Mwafrika mmoja, Victor Anomah Ngu wa Cameroon.

Upande wa pili ni huu. Mistari ya seli iliyooteshwa kutokana na watoto na vijana wa Kiafrika bado inagawanyika katika maabara za dunia nzima, na huuzwa kwa orodha kama bidhaa nyingine. Mmojawapo hubeba jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili angelitambua mara moja. Dawa nyingi za saratani za seli nyeupe zimejaribiwa kwanza juu ya seli hizo. Enzi ile hapakuwa na utaratibu wa kuuliza nchi inapata nini. Leo upo: tangu mwaka 1979 tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na sampuli haitoki nchini bila kibali na mkataba. Huo ni ushindi wa kimya wa utumishi wa umma, nao unastahili kulindwa.

Lakini mkataba wa sampuli haumponyi mtoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani ifikapo mwaka 2030. Tofauti hiyo haitokani na dawa za mwaka 2024. Sehemu kubwa inatokana na ugonjwa kutotambuliwa, kutambuliwa kwa kuchelewa, au tiba kukatizwa njiani kwa kukosa nauli.

Mlali na swali la utambuzi

Ninaandika haya nikiwa likizo Mlali. Katika kitongoji kimoja cha huku nimemfahamu mtoto aliyekuwa na homa za kurudia na weupe wa viganja. Mara tatu alipewa dawa ya malaria katika zahanati, mara nyingine baada ya kipimo cha haraka kuonyesha hana malaria. Baadaye akaongezewa vidonge vya kuongeza damu. Alama za damu chini ya ngozi zilipotokea, majirani walisema amerogwa. Mama yake alifika hospitali kubwa wiki nyingi baadaye, akiwa ameuza mbuzi wote. Huko waliweka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, na ndani ya saa moja wakawa wamepata shaka ya lukemia.

Simlaumu mhudumu wa zahanati. Alifundishwa kuitafuta malaria, na hadubini hana. Nataka msomaji aone jambo moja tu: kati ya mtoto yule na dawa zote nilizozitaja, kizuizi cha kwanza kilikuwa tone la damu na kioo. Dawa nyingi mpya za udhibiti wa jeni zinawalenga wagonjwa wa aina mahususi. Tretinoini ni bure kwa asiye na badiliko la kromosomu 15 na 17, na revumenibu ni bure kwa asiye na badiliko la jeni ambalo dawa hiyo inalilenga. Hospitali isiyoweza kutofautisha aina za lukemia haiwezi kuzitumia hata zikigawiwa bila malipo.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Dar es Salaam na nchi za nje, kijijini tujadili maji na vyoo. Mlali yenyewe inawapinga. Kijiji hiki kinajulikana mbali kwa kituo cha watoto wenye ulemavu kilichoanzishwa na wamisionari Wakapuchini, na wazazi hutoka mikoa mingine kuwaleta watoto wao wakanyooshwe miguu na kufundishwa kutembea. Utaalamu ukiwekwa mahali kwa uaminifu, watu huufuata hata porini. Dodoma mjini nako, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Miaka kumi na mitano iliyopita wengi tungesema ni ndoto.

Selimundu inatupa onyo pia. Tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ugonjwa huo, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, ni tunda jingine la udhibiti wa jeni: inaizima swichi iitwayo BCL11A ili mwili urudi kutengeneza damu ya aina ya kitoto. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Elimu hii isipokuwa na sera upande wetu, itaendelea kusafiri upande mmoja.

Tufanye nini

Kwa wanafunzi: someni jeni kama mnavyosoma historia, kwa sababu zimekwisha kuwa historia yetu. Na iandikeni elimu hiyo kwa Kiswahili ambacho muuguzi wa zahanati na mama wa mgonjwa watakielewa.

Kwa wanaharakati: mnapodai haki ya afya, msiishie kuhesabu majengo. Ulizeni katika bajeti ya halmashauri kuna hadubini ngapi zinazofanya kazi, ni mashine ngapi za kupima wingi wa damu zina kemikali zake, na nani amefundishwa kusoma kioo. Ulizeni kama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itamlipia mtoto vipimo vya aina ya lukemia pamoja na kitanda. Ulizeni nauli ya mama na mahali pa kulala kwa miezi ya matibabu, kwa kuwa hapo ndipo tiba nyingi hukatika.

Kwa watumishi wa umma, hasa wa wilaya: ninyi ndio warithi halisi wa historia niliyoisimulia. Ramani ya mwaka 1961 iliwezekana kwa sababu mtu fulani, katika hospitali ambayo hakuna aliyeijua, aliandika kwa uaminifu umri, kijiji na dalili za mtoto aliyemwona. Mtoto akija na homa, kipimo cha malaria kikawa hasi, na ana weupe, alama za damu kwenye ngozi, mitoki iliyovimba au maumivu ya mifupa, asirudishwe nyumbani na vidonge vilevile. Apewe rufaa siku hiyohiyo, na jina lake, kijiji chake na tarehe viandikwe daftarini kwa mwandiko unaosomeka.